Mpangaji alifariki chumbani: je, nina wajibu wa kumweleza mpangaji atakayefuata?

Mama Kulwa, Kitangiri

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Naomba ushauri wenu kabla sijapokea fedha ya watu.

Nina nyumba ya urithi hapa Kitangiri, Mwanza, na uani nimejenga vyumba vinne vya kupangisha. Kimojawapo, chumba na sebule chenye choo cha ndani, alikaa kwa miaka mitatu bwana mmoja mfanyabiashara wa dagaa, mtu mtulivu ambaye kila baada ya siku chache alikuwa akisafiri kati ya mwalo wa Kirumba na visiwa vya Ukerewe. Katikati ya mwezi Machi hakuonekana kwa siku mbili, nasi sote tulidhani amevuka ziwa kama ilivyo kawaida yake. Siku ya tatu mpangaji wa chumba cha pili alinijia na kuniambia kwamba kuna harufu. Nilimwita mjumbe, mjumbe akamwita mwenyekiti wa mtaa, na mlango ukavunjwa mbele ya polisi. Uchunguzi wa hospitali ulionyesha kwamba alipata kiharusi kutokana na shinikizo la damu. Ndugu zake walifika wakamchukua, wakaenda kumzika kwao Ukerewe.

Kodi aliyokuwa amelipa iliishia mwisho wa mwezi Mei, na hadi siku hiyo sikukitumia chumba chake kwa jambo lolote zaidi ya kukisafisha. Sasa nimekipaka rangi na kubadilisha kitasa. Dalali ameniletea mume na mke, walimu wote wawili, waliohamishiwa huku kutoka Singida wakiwa na mtoto mchanga, nao wako tayari kulipa miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 720,000. Dalali ananisisitizia ninyamaze, kwa maelezo kwamba wageni hawana wa kuwaambia, na kwamba nikifungua mdomo chumba kitakaa wazi hadi masika mawili yapite.

Je, sheria inanilazimisha kuwaeleza? Wakiniuliza wenyewe, ninaruhusiwa kusema kwamba sijui? Na ikiwa nitanyamaza kisha wakaja kusikia kwa majirani, wanaweza kunidai kodi yao?

Mzee wa Mabatini

Mama Kulwa, pole kwa msiba, kwa sababu mpangaji wa miaka mitatu ni mtu wa nyumbani.

Mimi nimepangisha vyumba tangu 1994, na nitasema wazi hata kama wengine hawatapenda. Nyumba gani katika mji huu haijawahi kuwekewa turubai la msiba? Baba yangu mzazi alifia katika chumba ambacho leo wanalala watoto wa mpangaji wangu, na sikuona sababu ya kumwita mtu na kumsimulia. Kifo cha ugonjwa si ufa wa ukuta wala si bati linalovuja. Tukianza kutangaza kila aliyekata roho chini ya paa zetu, tutapangisha wageni wa siku moja tu. Paka rangi, mwite padri au shehe kwa kadiri ya imani yako aombee mahali hapo, kisha upangishe. Jambo moja tu sijawahi kulifanya: mtu akiniuliza uso kwa uso, simdanganyi.

Wakili wa Nyamagana

Mama Kulwa, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kupokea fedha, maana wengi huuliza wakiwa tayari wamekwisha kuitwa barazani. Maelezo yangu ni ya jumla, na mkataba wako wenyewe unaweza kuwa na masharti yanayobadilisha hili au lile.

Si Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wala Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inayotaja kifo kilichotokea ndani ya nyumba kuwa jambo ambalo mwenye nyumba analazimika kulitangaza. Hata hivyo, kutotajwa hakuna maana kwamba uko huru kabisa. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba, ambacho tulikirithi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, kinaeleza kwamba kunyamaza tu kuhusu jambo linaloweza kuathiri utayari wa mtu kuingia katika mkataba si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamtaka anayenyamaza aseme, au pale ambapo ukimya wake una uzito sawa na maneno. Kwa hiyo Mzee wa Mabatini ana haki kwa sehemu: baba yake aliyefariki kwa maradhi kitandani, akiwa amezungukwa na watoto wake, hakumwachia mpangaji wa leo jambo lolote la kulalamikia.

Lakini angalia kinachotokea mtu anapouliza. Mwalimu huyo akikuuliza, "Aliyekuwa hapa alihamia wapi?" nawe ukamjibu kwamba alirudi kwao kisiwani, umekwisha kutoka katika ukimya na kuingia katika uongo. Kusema "sijui" huku unajua ni uongo vilevile. Hapo kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuutangua mkataba, ingawa naye anayeutangua hurudisha manufaa aliyokwisha kuyapata, na hivyo hawezi kukaa miezi minne kisha akadai kodi ya miezi yote sita kana kwamba alilala nje. Kifungu hichohicho kina kinga ambayo wenye nyumba wengi huikimbilia, kwamba ikiwa mpangaji alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa kufanya juhudi za kawaida, hawezi kulalamikia ukimya. Mimi nisingeitegemea sana. Mtu anayetoka Singida, ambaye hajui hata daladala ipi inafika Kitangiri, angefanya juhudi gani za kawaida mchana mmoja akiwa na dalali pembeni yake?

Na kuhusu dalali: ni wewe uliyemtuma. Uongo anaousema katika shughuli uliyomtuma unahesabika kana kwamba umetoka kinywani mwako. Ukinyamaza wewe, kisha yeye akawaambia walimu kwamba mpangaji wa awali amejenga nyumba yake Buswelu, kesi ni yako.

Yapo mambo mawili ambayo ningeyatenganisha kabisa katika fikra zako. Kuna historia ya chumba, na kuna hali ya chumba. Historia ndiyo hii tunayoijadili. Hali ya chumba ni jambo zito zaidi kisheria, kwa sababu Sheria ya Ardhi inaingiza katika pango la makazi ahadi za mwenye nyumba hata zisipoandikwa, ikiwamo ahadi kwamba mahali hapo panafaa kwa binadamu kuishi. Kama harufu imebaki au kama kuna chochote kilichonyonywa na sakafu, huwezi kujificha nyuma ya hoja kwamba kunyamaza si udanganyifu. Wewe mwenyewe umesema marehemu alikaa humo hadi siku ya tatu, katika joto la Machi. Naomba wenye utaalamu wa afya waliseme hili vizuri kuliko mimi.

Ningekuwa na jibu tofauti kabisa kama mtu huyo angeuawa. Mauaji ambayo wahusika hawajakamatwa, au yaliyotokana na wizi wa kuvunja dirisha, ni suala la usalama wa anayefuata, na hapo ukimya wa mwenye nyumba ungenipa shida sana kuutetea.

Mwisho, usimweleze mpangaji zaidi ya kinachohitajika. Jina la marehemu, madeni yake, nani alikuwa akija kumtembelea, hayo si yako kuyatoa. Vilevile usiseme lolote kuhusu magonjwa ambayo watu wanadhani alikuwa nayo; Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu, na minong'ono ya uani si cheti cha daktari. Kama vitu vyake bado unavyo, usimkabidhi ndugu anayefika na gari na machozi tu. Subiri msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na wakati ukisubiri andika orodha ya kila kitu, mwenyekiti wa mtaa aitie saini na muhuri.

Nimepanga Miaka 11

Naomba niseme kutoka upande wa pili wa kitasa, kwa sababu naona wenye nyumba na mawakili wamezungumza lakini aliyelala humo hajasemewa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba katika mojawapo ya mitaa ya milimani, nikalipa miezi sita pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Siku ya pili tu, nikiwa kwenye foleni ya maji, mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Kumbe wewe ndiye umechukua kile chumba cha yule kijana?" Sikujua ni kijana gani. Nilipomwona anatazamana na mwenzake nikajua kwamba mtaa mzima unafahamu jambo ambalo mimi, niliyelipa, silifahamu. Jioni nilielezwa kwamba kijana alijitoa uhai humo, miezi miwili kabla yangu. Sikuwa naogopa mizimu. Mimi ni mtu wa hesabu na nimezoea kulala peke yangu. Kilichoniumiza ni kwamba usiku ule nilianza kukumbuka kila swali nililomuuliza mwenye nyumba na jinsi alivyolizungusha. Nilimuuliza kwa nini dari ni jipya upande mmoja, akasema mvua. Tangu hapo hakuna alichoniambia nikakiamini, hata aliponiambia kwa kweli kwamba umeme wa LUKU umekwisha.

Nilihama mwezi wa tatu na sikurudishiwa hata shilingi. Baraza la Kata lilituita kutusuluhisha, mwenye nyumba akafika akasema kwamba sikuuliza kuhusu kifo. Ni kweli sikuuliza. Ni nani anayeingia kutazama chumba akauliza, "Samahani, kuna mtu aliyefia hapa?"

Kwa hiyo, Mama Kulwa, dalali wako anakosea anaposema wageni hawana wa kuwaambia. Wageni ndio wanaoambiwa kwanza. Na mwalimu mwenye mtoto mchanga atakuwa bombani na kwenye kamba ya nguo kabla ya wiki kwisha.

Mwanza Ughaibuni

Salamu kutoka mbali. Nimezaliwa Igogo, na kwa sasa ninafanya kazi katika ofisi inayosimamia nyumba za kupangisha katika jimbo la California, Marekani, ambako swali la Mama Kulwa limeandikiwa kifungu chake. Sisemi kwamba sheria ya huku inafungamana na Kitangiri, ila namna walivyoligawa jambo inaweza kumsaidia mtu kufikiri.

Kifungu cha 1710.2 cha Sheria ya Madai ya jimbo hilo kinasema kwamba mwenye nyumba au wakala wake hawajibiki kwa kutomweleza mnunuzi au mpangaji kuhusu kifo kilichotokea zaidi ya miaka 3 kabla ya ombi la kununua au kupanga. Kwa sababu hiyo sisi ofisini hueleza vifo vilivyo ndani ya miaka hiyo 3, hata vya ugonjwa, kabla mtu hajatia saini. Hakuna wajibu wa kusema kwamba aliyeishi humo alikuwa na virusi vya UKIMWI au alifariki kwa UKIMWI. Lakini mtu akiuliza moja kwa moja, miaka 3 haikupi ruhusa ya kudanganya. Naona hapo Wakili, Mzee wa Mabatini na wabunge wa California wamekutana barabara moja.

Ambao wamelifikiria hasa jambo linalofanana na lako ni Wajapani, kwa sababu kwao wazee wengi huishi na kufa peke yao katika vyumba vya kupanga. Oktoba 2021 Wizara yao ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ilitoa mwongozo kwa mawakala wa nyumba. Kifo cha kawaida cha ugonjwa au uzee, au cha ajali ya nyumbani kama kuteleza bafuni, kwa kawaida hakihitaji kutangazwa. Lakini kama marehemu alichelewa kugundulika hadi chumba kikahitaji usafi maalumu, basi kinaingia katika kundi moja na kujiua na mauaji, na kwa nyumba ya kupangisha hutakiwa kuelezwa kwa muda wa takriban miaka 3. Wakala hueleza wakati, mahali na sababu ya kifo, na kwamba usafi huo ulifanyika. Jina, umri, familia na jinsi mwili ulivyokutwa si lazima avieleze. Nadhani mstari huo umechorwa mahali panapostahili, na chumba chako, Mama, kimeangukia upande wa kueleza.

Bwana Afya

Wakili ameuliza, nami nitajibu kwa yale ya kazi yangu.

Mtu aliyefariki kwa kiharusi hamwachii ugonjwa anayeingia chumbani miezi mitatu baadaye. Watu wa Ziwa tuna sababu ya kuwa na hofu, maana Marburg ilifika mkoani Kagera mwaka 2023 na ikarudi tena huko mwaka 2025, na kipindupindu hakijawahi kutusahau. Kwa magonjwa ya aina hiyo idara ya afya ndiyo inayoshughulikia mwili na kutakasa nyumba, na mwenye nyumba hapaswi hata kugusa godoro. Kisa chako si hicho, kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akuambie kwamba mtoto mchanga atadhurika kwa sababu tu mtu alifia hapo.

Hata hivyo, swali langu ni sakafu. Majimaji ya mwili uliokaa siku mbili au tatu hupenya kwenye saruji yenye ufa, kwenye mbao na kwenye dari la ubao laini, na rangi mpya ya ukutani haigusi lolote kati ya hayo. Harufu inaweza kupotea wakati wa kiangazi ikarudi mvua za Novemba zinapoleta unyevu. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kumwaga dawa ya klorini juu ya uchafu. Uchafu huila nguvu ya dawa. Osha kwanza kwa maji na sabuni, suuza, kisha ndipo upake klorini ya asilimia 0.5; yaani, ikiwa dawa uliyonunua ina asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo sita vya maji, uiache kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kusuuza. Fungua madirisha unapofanya hivyo na usiichanganye na dawa nyingine ya choo, kwa sababu hewa inayotoka ni sumu. Palipo na ufa, bomoa saruji ya juu na kuipiga upya. Ni mfuko mmoja au miwili ya saruji na kazi ya fundi ya siku moja, na baada ya hapo utakuwa na jibu la kweli wakikuuliza ulichofanya.

Mzee wa Mabatini

Nimesoma. Kuhusu sakafu na siku ya tatu nakubali kwamba kisa cha Mama si sawa na cha baba yangu. Hilo sikulipima vizuri nilipoandika mara ya kwanza. Bado sikubaliani na kutangaza kila kifo.

Naongeza jambo ambalo vijana hamlisemi. Huku kwetu Usukumani kifo cha ghafla kisichoelezwa hakikai bila maelezo; watu hukitafutia mtu. Ukinyamaza, kesho utasikia kwamba chumba kina mambo, na keshokutwa bibi mmoja wa jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni ndiye atakayetajwa. Tumezika bibi wengi kwa maneno ya namna hiyo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kuwa mkosaji, lakini sheria hufika baada ya maneno. Kwa sababu hiyo peke yake, Mama, sema kiharusi, sema kwa sauti, mbele ya wapangaji wengine.

Mama Kulwa, Kitangiri

Nawashukuru nyote. Narudi na taarifa baada ya siku tisa.

Fundi alibomoa saruji karibu na dirisha, ambapo kweli palikuwa na ufa niliokuwa nimeupitishia rangi, na nikaondoa pia ubao mmoja wa dari. Gharama yote haikufikia kodi ya mwezi mmoja. Kisha niliwaita walimu bila dalali, nikawaeleza nikiwa nimesimama nao mlangoni: kwamba mpangaji wa awali alifariki humu mwezi Machi kwa kiharusi, kwamba alikutwa siku ya tatu, kwamba polisi na hospitali walishughulikia, na haya ndiyo niliyoyafanya kwenye chumba. Jina sikulitaja.

Mume alinyamaza. Mke aliuliza kama ni chumba cha kulala au sebule. Nikamwambia ni cha kulala. Akaingia, akapiga magoti, akanusa sakafu mpya kama mtu anayechagua samaki. Wakaondoka, nami nikajua wameondoka moja kwa moja. Siku ya pili jioni walirudi na ombi kwamba walipe miezi mitatu badala ya sita ili wajaribu kwanza, nikakubali, na tukaandika katika mkataba kwamba wameelezwa kuhusu kifo cha Machi na matengenezo yaliyofanyika, pande zote mbili tukatia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kitanda wamekiweka sebuleni, na chumba cha kulala wamekifanya mahali pa kusahihishia madaftari. Hilo ni lao.

Dalali amekasirika na bado anadai kodi yake ya mwezi mmoja. Nimempa, kwa kuwa watu aliwaleta yeye, ila nimemwambia asilete mwingine.

Wakili, kuhusu vitu vya marehemu: mpwa wake alifika juzi na gari dogo kutaka friji na mizani ya dagaa. Nilimwonyesha orodha yenye muhuri, nikamwambia alete barua ya mahakama. Alisema kikao cha ukoo kitakaa Nansio mwisho wa mwezi. Friji ipo kwangu, nimeifunika kwa shuka.